Simba Wawili wa Barabara ya Banda

Wazazi wengi huomba watoto wao wawe madaktari, mawakili au wahandisi. Mwandishi wa makala haya alijaliwa binti mkutubi, akaona haya kuwaambia majirani, mpaka siku alipotembezwa naye jijini Nairobi.

Kwa muda wa miaka thelathini na minne nilipita mbele ya simba wale bila kuingia ndani.

Nilifika Nairobi mwaka 1984 kwa gari moshi la usiku kutoka Voi, nikiwa na shati moja la kubadilisha na barua ya kazi ya ukarani katika Eneo la Viwanda. Tangu hapo nimepita Barabara ya Banda mara nisizoweza kuzihesabu, nikienda kununua nyama City Market au nikiwasindikiza wageni wa kutoka nyumbani waliotaka kuuona Msikiti wa Jamia. Kila mara niliwaona simba wawili wa mawe, mmoja kila upande wa ngazi, kama askari wa zamu. Nyuma yao zimesimama nguzo ndefu, na nyuma ya nguzo ndiyo Maktaba ya McMillan.

Hakuna mtu aliyewahi kunizuia. Mlango ulikuwa wazi na watu walikuwa wakiingia na kutoka. Lakini moyoni nilikuwa nimekwisha kujihukumu kwamba hapo si mahali pa mtu kama mimi.

Jumamosi moja ya mwezi wa Agosti 2018, kifungua mimba wangu alinishika mkono katikati ya barabara hiyo. "Baba," akasema, "leo hatupiti. Leo tunaingia."

BARUA ILIYONINYIMA USINGIZI

Kabla sijakuingiza ndani, msomaji mpenzi, sharti nikueleze jinsi tulivyofika pale.

Binti yangu alipofanya mtihani wa kidato cha nne alipata alama za kuridhisha. Nilikuwa nimekwisha kumwona katika ndoto zangu akiwa amevaa joho jeusi la uwakili, akisimama mbele ya hakimu na kunyoosha kidole. Barua ya chuo ilipokuja, ilisema amechaguliwa kusomea sayansi ya maktaba na habari. Yeye aliruka kwa furaha. Mimi nilikwenda kulala mapema, ingawa sikupata usingizi.

Nilijiuliza usiku kucha: miaka minne ya karo, kisha mtoto aje apanguse vumbi la vitabu na kuwaambia watu wanyamaze? Majirani walipouliza, niliwajibu kwamba anasomea "mambo ya kompyuta". Haukuwa uongo mtupu, kwa sababu kompyuta wanafundishwa. Lakini nilijua kwa nini nilichagua neno hilo na kuliacha lile lingine.

Mama yake hakunibembeleza. "Wewe mwenyewe husomi ila gazeti la Jumapili," aliniambia. "Utaijuaje kazi ya vitabu?"

Basi ikawa kwamba alipomaliza mwaka wa tatu alitumwa kwa mafunzo ya kazini ya miezi mitatu katika maktaba moja ambayo sitaitaja. Alirudi amepungua maneno. Alikula, akaosha vyombo, akaketi dirishani. Nilidhani amejuta, na ni aibu kukiri kwamba nilifurahi kidogo. Aliponiomba tutoke sisi wawili siku ile ya Jumamosi, nilikuwa na hakika anataka kuniambia kwamba ameacha.

MWAKA 1931

Ndani mlikuwa na ubaridi na harufu ya karatasi za kale. Wanafunzi waliinama juu ya madaftari yao, na mzee mmoja alikuwa akisoma gazeti huku kofia yake ameiweka gotini. Hakuna aliyeinua kichwa kututazama. Hilo peke yake lilinishangaza, kwa sababu nilikuwa nimetarajia kutazamwa.

Binti yangu alinisimulia habari za jengo kwa sauti ya chini. Lilifunguliwa mwaka 1931. Lucie McMillan ndiye aliyelijenga kwa ukumbusho wa mumewe, Sir William Northrup McMillan, Mmarekani tajiri aliyekuwa na shamba kubwa kule Juja, ambaye alifariki mwaka 1925 na kuzikwa Ol Donyo Sabuk. Shirika la Carnegie la Marekani lilichangia fedha. Kwa miaka mingi ya ukoloni, waliohudumiwa humo walikuwa Wazungu peke yao. Mwaka 1962, mwaka mmoja tu kabla ya Uhuru, maktaba ilikabidhiwa Baraza la Jiji.

"Sasa nikupe kisa cha pili cha mwaka huohuo wa 1931," akaendelea.

Kulikuwa na mwalimu wa hesabu nchini India aliyeitwa S. R. Ranganathan. Mwaka 1924 alipewa kazi ya ukutubi katika Chuo Kikuu cha Madras, na siku za mwanzo zilimchosha hata akarudi kuomba apewe tena darasa lake la hesabu. Wakubwa wake wakamsihi aende kwanza Uingereza akajifunze kazi hiyo, kisha aamue. Akaenda London, akatembelea maktaba nyingi, akaona jinsi maktaba nzuri inavyoweza kubadilisha maisha ya mji mzima. Aliporejea hakuitaka tena kazi yake ya zamani. Mwaka 1931 alichapisha kitabu chenye kanuni tano ambazo hadi leo kila mwanafunzi wa ukutubi hufundishwa. Kiini chake ni kwamba vitabu havikuwekwa ili vilindwe bali vitumike, na kwamba kila msomaji, awe nani, ana kitabu kinachomfaa mahali fulani. Kazi ya mkutubi ni kuwakutanisha.

"Unaona, Baba? Mwaka mmoja. Kule Madras mtu anaandika kwamba kila msomaji ana haki ya kitabu chake. Hapa Nairobi wanafungua nyumba ya vitabu na kuwafungia watu wengi nje."

Nilitazama nguzo zile kwa macho mengine. Mimi nilizaliwa mwaka 1964. Nilipofika mjini, sheria ya kubaguana ilikuwa imekwisha zamani. Mbona basi nilipita kando miaka yote hiyo? Yamkini mlango unaweza kufunguliwa kwa sheria, na bado mtu akakaa nje kwa sababu hakuna aliyetoka kumwambia karibu.

KITABU KILICHOPOTEA NDANI YA NYUMBA

Alinipeleka kwenye rafu na kunionyesha nambari iliyobandikwa kwenye mgongo wa kila kitabu. Nilidhani ni hesabu ya vitabu tu. Kumbe ni anwani. Mpango huo ulitungwa na Mmarekani Melvil Dewey na kuchapishwa mwaka 1876. Maarifa yote ya binadamu yamegawanywa mafungu kumi, kuanzia 000 hadi 900. Dini zimo katika 200, sayansi katika 500, kilimo na ufundi katika 600, historia na jiografia katika 900. Anayetaka kilimo cha mahindi ataelekea 633.15, mfugaji wa mbuzi ataelekea 636.39, na historia ya Kenya utaikuta 967.62.

"Na Kiswahili?" nikauliza.

"496.392."

"Na Kitaita cha bibi yako?"

Akacheka kidogo. "Kimo humohumo katika 496, pamoja na lugha nyingine nyingi za Kiafrika. Kiingereza kimepewa 420 mpaka 429, chumba chake peke yake. Aliyepanga nyumba hii alikaa mbali nasi, Baba. Ndiyo maana anatakiwa mtu anayejua vyumba vilivyo, ili mgeni asipotee."

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba kupangusa vumbi ni sehemu ndogo sana ya kazi. Wiki yake ya kwanza katika mafunzo hakugusa kompyuta. Alipewa rafu azipitie, kitabu kimoja baada ya kingine, kuhakikisha kila nambari iko mahali pake, kwa maana kitabu kilichowekwa pasipo pake ni sawa na kilichoibwa: kimo ndani ya nyumba lakini hakuna atakayekiona. Wiki ya pili alipiga mihuri, akaandikisha vitabu vipya katika daftari, akabandika nambari na kushona vilivyochanika. Ndipo akafundishwa kuviingiza katika kompyuta kwa programu iitwayo Koha, iliyobuniwa New Zealand na kuanza kutumika mwaka 2000. Watu hawalipi chochote kuipata. Na neno lenyewe, kwa lugha ya Wamaori, maana yake ni zawadi.

"Na wiki ya tatu?"

Hakujibu. "Twende tunywe chai kwanza," akasema.

NDEGE WA KURUKA

Tuliketi katika mkahawa mdogo karibu na Barabara ya Muindi Mbingu, chai ya maziwa na mahamri mbele yetu. Hapo ndipo aliponiambia jambo lililomrudisha nyumbani amenyamaza.

Wiki ya tatu aliwekwa kwenye meza ya mlangoni. Asubuhi moja alikuja mvulana wa miaka tisa au kumi, sweta yake imefumuka kiwikoni, mikono ina mafuta ya gereji. Akasimama kizingitini bila kukanyaga ndani.

"Kuna kitabu cha ndege?" akauliza.

"Ndege gani?"

Mvulana akaonyesha juu kwa kidole. "Si yule wa mtini. Ile ya watu."

Kanuni za maktaba ile zilisema mtoto asiingie bila barua ya shule na ada kidogo. Mvulana hakuwa na barua wala senti. Binti yangu alikuwa mgeni kazini na alitaka sana kufanya mambo sawasawa. Akamwambia, kwa upole, arudi na barua ya mwalimu. Mtoto akaitika kwa adabu, akasema asante, akaondoka.

Jioni ile mkutubi mkuu, mama aliyekaribia kustaafu, alimwuliza siku imekwendaje. Binti yangu akaeleza kila kitu na kisa cha mvulana yule, akitumaini kusifiwa kwa kufuata kanuni. Yule mama hakumkemea. Aliuliza swali moja tu: "Na kitabu chake, ulikitafuta?"

Hakuwa amekitafuta.

Mama akaenda mwenyewe kwenye rafu ya 629.13, akarudi na kitabu cha ndege chenye picha kubwa, akakiweka juu ya meza ya mlangoni. "Kikae hapa mpaka arudi," akasema. "Ada nitalipa mimi."

Kitabu kilikaa pale kila siku. Binti yangu alipoonana na mtoto yeyote mwenye sweta ya namna ile alimtazama mara mbili. Alizunguka kwenye gereji za mtaa ule wakati wa chakula cha mchana, akauliza. Siku ya mwisho ya mafunzo yake kitabu kilikuwa bado mezani.

"Hakurudi, Baba," akaniambia, akikizungusha kikombe chake. "Na mimi ndiye niliyekuwa mlangoni."

Nilikuwa nimejiandaa kusikia kwamba anaacha kazi. Nikapata ujasiri wa kumwuliza. Akanitazama kwa mshangao. "Kuacha? Naachaje na yule mtoto yuko nje?"

KALOLENI

Akasema kuna mahali pengine anapotaka nipaone. Tukapanda matatu iendayo Barabara ya Jogoo. Tulipita Muthurwa na mikokoteni yake, tukapita kituo cha mabasi cha Machakos ambako makanga walikuwa wakiita abiria kwa sauti za kukwaruza, tukashuka karibu na uwanja wa City Stadium, ambao baadaye ulipewa jina la mwanasoka Joe Kadenge.

Mtaa wa Kaloleni ulijengwa katika miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika. Nyumba zake ni za mawe, fupi, zenye vigae, na kati yake pana nafasi na miti ambayo mitaa mipya haina. Ukumbi wake ulivuma sana enzi za kupigania Uhuru, kwa kuwa wanasiasa walikutana humo, hata watu wakaubandika jina la House of Commons, kama Bunge la Uingereza. Na karibu na ukumbi huo kuna maktaba ndogo, tawi la ile ya McMillan. Tawi jingine liko Makadara.

Hapakuwa na simba wala nguzo. Kulikuwa na viti vilivyochakaa, vitabu vilivyosomwa mpaka majalada yakalegea, na watoto. Walikuwa wamejaa kama siafu: wengine wawili juu ya kiti kimoja, wengine sakafuni, msichana mmoja akimsomea mdogo wake kwa kidole.

Nilitazama watoto waliokuwa ndani. Binti yangu alitazama mlango. Nje, karibu na ukuta, alisimama mtoto wa kike akichungulia. Hakuwa akiingia wala kuondoka. Nilimfahamu mara moja, msomaji mpenzi, ingawa sikuwahi kumwona maishani. Vile anavyosimama ndivyo nilivyosimama mimi Barabara ya Banda tangu mwaka 1984.

Binti yangu akaenda, akachuchumaa mpaka macho yao yakalingana. Sikusikia walichosema. Baada ya dakika chache waliingia pamoja, wakaenda moja kwa moja kwenye rafu, na mtoto akaketi na kitabu chenye picha ya twiga. Kazi yote ile haikuchukua dakika tano, lakini nilijua nimeiona taaluma nzima.

TANGU SIKU HIYO

Mengi yamepita. Binti yangu alihitimu mwaka 2019. Mwaka uliofuata korona ikafunga shule na maktaba, na kwa muda mrefu hakuwa na kazi. Sitawadanganya vijana: kazi hii haina mshahara wa kutajirisha, na nafasi si nyingi kama zinavyopaswa kuwa. Alijitolea katika shule moja ya msingi, akapanga vitabu mia chache ndani ya chumba kilichokuwa stoo. Hatimaye aliajiriwa katika maktaba ya umma ya kaunti, kwani Katiba ya 2010 iliziweka maktaba miongoni mwa majukumu ya kaunti.

Maktaba za Kaloleni na Makadara nazo zilikarabatiwa. Waliosimamia ni Book Bunk, shirika lililoanzishwa mwaka 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka kwa lengo la kuzifufua maktaba hizo na ile mama yao ya Barabara ya Banda.

Kwa mwanafunzi anayesoma haya na kuona moyo wake unavutwa, njia ipo. Zamani Mkenya aliyetaka ujuzi huu alikwenda Makerere, ambako chuo cha ukutubi cha Afrika Mashariki kilianza mwaka 1963. Mwaka 1988 Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kilianzisha kitivo cha sayansi ya habari, na leo vyuo vingi nchini hufundisha kwa ngazi ya cheti, stashahada na shahada. Wakutubi huhitajika mashuleni, vyuoni, hospitalini, mahakamani, Bungeni, hata katika mashirika ya magazeti. Wengine wametembea zaidi: mwaka 1996 Huduma ya Maktaba ya Kitaifa ilianzisha maktaba ya ngamia huko Garissa. Ngamia mmoja alibeba masanduku ya vitabu, mwingine hema la kusomea, wakawafuata watoto wa wafugaji walikokuwa. Wale hawakungoja msomaji apande ngazi.

Na kwa wazazi wenzangu nasema hivi. Mtoto akileta barua yenye neno usilolitarajia, usikimbilie kulala. Mwombe akutembeze. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilikwenda kama mgeni katika kazi ya binti yangu, na nilirudi nimepona haya niliyokuwa nayo. Majirani sasa wanajua. Nikiulizwa, nasema: mkutubi. Na akiniuliza mtu hilo ni kazi gani, nina kisa cha kumsimulia.

Mwaka jana nilikwenda kumtembelea kazini. Meza yake haiko ofisini nyuma, ameihamishia karibu na mlango. Juu yake pana kompyuta, muhuri, chupa ya chai, na kitabu cha ndege chenye picha kubwa, alichokinunua kwa pesa zake. Yule mvulana sasa amekuwa kijana, na huenda yuko mji mwingine kabisa. Nilimwambia hivyo.

"Najua, Baba," akanijibu. "Lakini yuko mwingine."

Wakati huohuo mtoto akatokeza kichwa mlangoni. Binti yangu akasimama.